Uboho wa twiga si dawa: ushahidi wa panya

Upo uvumi uliowahi kuenea sehemu za nchi yetu kwamba uboho na ubongo wa twiga hutibu Ukimwi. Twiga wameuawa kwa ajili hiyo, ingawa ni mnyama wa taifa na sheria inakataza kumuua. Hapa Kizota, Dodoma, nimewasikia watu wazima wakiutetea: eti mnyama mwenye mifupa ile, uboho wake lazima uwe na nguvu.

Hebu tuitazame mifupa yenyewe. Mwombe muuza nyama akuhesabie pingili za shingo ya mbuzi. Ni saba. Twiga anazo saba, panya saba, na mimi na wewe saba. Tofauti ni urefu wa kila pingili, na urefu huo huanza kupangwa mnyama akiwa tumboni mwa mamaye.

Nani anaupanga? Mwaka 2016, Dk. Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, na wenzake wa nje walichapisha vinasaba vya twiga. Jeni 70 hivi zilionyesha mabadiliko ya pekee. Mojawapo ni FGFRL1. Hii ni kama nyapara: haibebi tofali, bali husimamia maagizo ambayo seli hupeana kuhusu kukua.

Panya walioondolewa jeni hiyo maabara walipata kasoro za mifupa wakiwa tumboni, wakafa mara walipozaliwa kwa udhaifu wa msuli wa kupumulia. Kisha mwaka 2021 watafiti wa China wakaibadili jeni ya panya ifanane na ya twiga. Je, walipata panya wenye shingo ya twiga? Hata kidogo! Walipata panya wenye mifupa iliyoshikana zaidi, na ambao presha haikuwapanda hata walipopewa dawa ya kuipandisha. Shingo ndefu yaelekea inahitaji manyapara wengine, wanaoamua ni sehemu gani ya mwili irefuke.

Panya hao hawakulishwa uboho. Jeni ilibadilishwa mwanzoni kabisa mwa uhai wao, kabla hawajawa na mfupa hata mmoja. Uboho anaokula mtu mzima husagwa tumboni kama chakula kingine, na jeni za twiga haziingii katika mifupa yake. Tena utafiti wote huo haukuhusu virusi vya Ukimwi.

Dawa za ARV zinatolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Mgonjwa akiziacha ili anywe supu ya uboho, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache.