Barafu, Hifadhi ya Kumbukumbu za Kale

Mwanahistoria atakaye kujua mambo ya kale husoma nyaraka, huwauliza wazee, au hufukua magofu. Mtaalamu wa hali ya hewa hana nyaraka za kutosha. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, vipimo vya mvua na joto vilivyoandikwa kwa utaratibu vilianza karibu na mwisho wa karne ya 19. Atajuaje, basi, kama ukame wa zama hizi ni jambo geni, au kama ulipata kutokea hata zaidi ya huu zama za mababu? Sehemu ya jibu imo ndani ya barafu.

Theluji inavyogeuka kuwa barafu

Mahali penye baridi kali, theluji ya mwaka mmoja haiyeyuki yote kabla ya ile ya mwaka ufuatao kuanguka. Theluji mpya huilalia ya zamani na kuigandamiza kwa uzito wake. Hewa iliyokuwa kati ya chembe za theluji hubanwa, njia zake huziba, na mwishowe hufungika katika viputo vidogo ndani ya barafu ngumu. Pamoja na hewa hiyo hufungika pia vumbi la jangwani, majivu ya volkeno na chumvi ya bahari. Hivyo kila tabaka huwa kama ukurasa wa kitabu, nao ukurasa wa chini ndio wa zamani zaidi.

Vitabu vikubwa kupita vyote vya namna hii viko Greenland na katika bara la Antaktika, ambako barafu imetanda juu ya sehemu kubwa ya nchi na mahali pengi unene wake hupita kilomita 3.

Jinsi kitabu kinavyotolewa

Watafiti hutumia kekee ndefu yenye tundu katikati. Kekee hiyo hukata barafu kwa mzunguko na kuacha katikati yake kipande cha mviringo kilicho kama mchi wa kutwangia. Michi hiyo hutolewa kipande baada ya kipande, hupewa namba, na huhifadhiwa katika baridi hadi ifike maabara.

Mwaka 1966, katika kituo cha Camp Century huko Greenland, kekee ilifika kwenye ardhi chini ya barafu kwa mara ya kwanza, kwenye kina cha karibu mita 1,390. Mwaka 1998 shimo la kituo cha Vostok, Antaktika, lilipita mita 3,600. Mwaka 2004 wataalamu wa nchi za Ulaya walimaliza kutoboa mahali paitwapo Dome C, Antaktika, na barafu waliyoitoa huko imesomwa hadi miaka 800,000 iliyopita.

Jinsi kitabu kinavyosomwa

Mdenmark aitwaye Willi Dansgaard alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba maji yenyewe huweka kumbukumbu ya baridi na joto. Atomu za oksijeni hazina uzito mmoja. Zimo nyepesi nyingi na nzito chache. Wingu linaposafiri kuelekea nchi za baridi, maji yenye oksijeni nzito hutangulia kuanguka. Kwa hiyo, kwenye nchi za ncha za dunia, kadiri baridi inavyozidi ndivyo oksijeni nzito inavyopungua katika theluji. Mtaalamu akipima uwiano huo, tabaka kwa tabaka, hupata kujua zama za joto na zama za baridi zilivyofuatana.

Viputo navyo vina habari yake, kwani ni hewa halisi ya kale. Viputo vya Dome C vimeonyesha kwamba katika miaka yote 800,000 kiasi cha kaboni dioksaidi kilipanda na kushuka kati ya sehemu kama 170 na 300 kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulipita sehemu 420. Bila barafu, hakuna ambaye angeweza kuzilinganisha hewa hizi mbili moja kwa moja.

Kurasa za Kibo

Afrika nayo ina kitabu chake, ingawa ni kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2000, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Mmarekani Lonnie Thompson kilipanda hadi kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro, na kutoa michi sita ya barafu, mrefu kuliko yote ukiwa na mita zipatazo 50. Taarifa yao ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700. Walikuta pia tabaka la vumbi lenye unene wa sentimita 3 hivi, nao wakalihusisha na ukame mkubwa uliotokea miaka kama 4,000 iliyopita.

Makadirio hayo hayakukubaliwa na wote. Wataalamu wengine wametoa hoja kwamba barafu ya kileleni yaweza kutoweka na kujijenga upya mara nyingi katika muda huo, na kwa hiyo huenda ikawa changa zaidi. Tena, kuisoma oksijeni ya barafu ya nchi za joto ni kazi ngumu, kwa sababu wingi wa mvua nao huubadili uwiano wake. Mabishano ya namna hii ni jambo la kawaida katika sayansi, nayo huamuliwa kwa vipimo vipya. Lakini vipimo vipya vyahitaji barafu.

Kitabu kinachochakaa

Ramani iliyochorwa kwa vipimo vya mwaka 1912 yaonyesha kwamba barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zipatazo 11.4. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76 tu, yaani asilimia 85 ilikuwa imekwisha.

Wengi hudhani kwamba barafu hiyo huyeyuka tu kama kipande kilichoachwa juani. Juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, hewa kwa kawaida huwa chini ya kiwango cha kuganda. Sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, kama vidonge vya nafthalini vinavyopungua kabatini bila kulowesha nguo. Kuyeyuka nako kupo, hasa kwenye kuta za barafu zinazopigwa na jua. Theluji ikiwa haba, uso wa barafu hupata rangi ya vumbi, hufyonza jua zaidi, na hupungua upesi. Ndiyo sababu watafiti wengi huhesabu upungufu wa mvua na mawingu, ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, kuwa chanzo kikubwa cha hasara hii, pamoja na kupanda kwa joto la dunia.

Taarifa ya mwaka 2002 ilibashiri kwamba barafu ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingaliko, ingawa yazidi kukonda. Mwaka 2022 UNESCO ilieleza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Kukosea kwa tarehe ya kwanza hakubatilishi mwelekeo. Kwafundisha tu kwamba kutabiri mwaka ni kugumu kuliko kutabiri mwendo.

Hitimisho

Mito mingi ya Kilimanjaro hutegemea zaidi mvua ya msituni kuliko barafu, kwa hiyo kutoweka kwa barafu peke yake hakutaikausha. Hasara kubwa ni ya elimu. Uso wa barafu unapoondoka, kurasa za juu hutangulia kupotea, nazo hazina nakala mlimani. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekuwa wakitoboa barafu ya milima iliyo hatarini ili michi yake ihifadhiwe Antaktika, mahali penye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, ingojee watafiti wenye vyombo bora zaidi. Michi ya Kibo ya mwaka 2000 nayo yaweza kubaki kuwa shahidi wa mlima ambao vizazi vijavyo vitausikia tu ukisimuliwa.

Maswali

1. Kwa nini tabaka la chini la barafu ni la zamani kuliko la juu?
2. Eleza jinsi barafu inavyoweza kupungua bila kuyeyuka.
3. Taja sababu moja inayofanya umri wa barafu ya Kibo ubishaniwe.