Crown iliyotumika: raha ipo, ila ikaguliwe

Swali: Msomaji wa Dar es Salaam amechoka kurushwarushwa na kigari chake. Je, Toyota Crown iliyotumika Japani itamstarehesha bila kumhamishia gereji?

Jibu: Itamstarehesha, akichagua vizuri. Kizazi cha 14, kilichotoka mwishoni mwa 2012, kina toleo la haibridi lenye injini ya silinda 4 ya lita 2.5, linalobana mafuta kuliko la V6. Lakini betri kwanza! Feni ya kuipoza ikijaa vumbi, betri huchemka na kuchoka mapema. Fundi aifungue feni hiyo, aisafishe, kisha apime betri kwa mashine.

Umri nao uangaliwe: gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada Tanzania. Kenya haliruhusiwi kuingizwa. Na anayekaa kwenye makorongo aiache Crown: tumbo la gari hili liko chini mno.