Kifaa Kikiondoka, Safisha Nyumba: Vidokezo vya remove ya Draiva

Kerneli ya Linux ikishaamua kukitoa kifaa, kimetoka. Hata hivyo, kwa miaka mingi remove za draiva nyingi zilirudisha namba ya kosa, na kerneli ikaendelea na kazi yake bila kuijali. Kama umerithi draiva ya zamani, ifungue sasa tuisafishe.

1. Acha kurudisha namba. Draiva za SPI ziliachana nayo mwaka 2022 katika toleo la 5.18, na za I2C mwaka huohuo katika 6.1. Kwa platform_driver, toleo la 6.3 la mwaka 2023 lilileta remove_new kama daraja, na kufikia 6.11, mwaka 2024, remove yenyewe hairudishi kitu. Ukikuta remove_new, ondoa mkia huo tu.

2. Usitoke katikati. Hapa ndipo madhara makubwa yalipo. Draiva inajaribu kuamsha kifaa kwa pm_runtime_resume_and_get, inashindwa, inaondoka na "return ret". Usajili wake kwenye kerneli unabaki, lakini kumbukumbu iliyochukuliwa kwa devm_kzalloc inaachiwa vilevile. Baadaye programu inagusa faili ya kifaa chini ya /dev, na kerneli inasoma kumbukumbu isiyo yake tena. Dawa: tumia pm_runtime_get_sync, kifaa kikigoma kuamka, andika onyo, ruka mistari inayogusa rejista zake, kisha maliza usafi wote uliobaki.

3. Rudi kwa njia uliyoijia. Kilichofanywa mwisho kwenye probe kitenguliwe kwanza. Funga mlango wa watumiaji wapya, ndipo usimamishe kazi za nyuma kwa cancel_work_sync. Saa na umeme vizimwe mwisho.

4. Ijue devm kabla ya kuiamini. Vitu vyake huachiwa baada ya remove kumalizika. Kwa hiyo intarapti ya devm_request_irq bado iko hai wakati wewe unazima saa kwa mkono, na ikipigwa hapo, draiva itasoma rejista za kifaa kilicholala. Kwenye chipu nyingi mashine nzima huganda. Chukua saa hiyo kwa devm_clk_get_enabled, kabla ya kuomba intarapti.

5. Ijaribu kweli. Andika jina la kifaa kwenye faili ya unbind ndani ya sysfs, kisha kwenye bind. Rudia mara ishirini, KASAN na kmemleak zikiwa zimewashwa, huku programu nyingine ikiendelea kukitumia kifaa hichohicho.