Flashi Imekuwa Tupu? Usiifomati Kwanza



Ukikaribia muda wa kuwasilisha utafiti, maduka ya kuchapisha ya Wandegeya hujaa wanafunzi wenye flashi mikononi. Flashi inachomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea nyingine chungu nzima tangu asubuhi. Ikirudi hosteli, mwenyewe anakuta mafaili yake yamegeuka vialama vyenye kishale kidogo pembeni. Wengi huambiwa, "Ifomati tu." Naona huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, kwa sababu mara nyingi kazi bado imo humo humo. Virusi vya aina hii huficha, havifuti.

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si kompyuta, na haya nayaweza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Tazama flashi yako imepewa herufi gani; tuseme ni E. Andika E: na Enter, halafu:

dir /a

Amri hii huorodhesha kila kilichomo, hata kilichofichwa. Majina ya sura zako yakitokea, sema alhamdulillah. Ukiona folda isiyo na jina usishangae, baadhi ya virusi hivi husukumia kila kitu humo. Sasa andika hivi, ukiziacha nafasi kama zilivyo:

attrib -h -s -r /s /d *.*

Herufi h ni alama ya kufichwa, s ni ya faili la mfumo, r ni ya kusomwa tu, na kistari kilicho mbele yake huiondoa alama hiyo. /s huingia folda za ndani. /D hugusa folda zenyewe. Vialama vyenye kishale usivibofye kamwe, kwani kuvibofya ndiko kunakoamsha virusi. Vifute kwa del *.lnk, ila kumbuka kwamba del haipitii kapu la taka: kikienda kimekwenda.

Hapa pana jambo ambalo mafundi hawalitaji. attrib haijui nani aliyeficha. Hufichua yaliyofichwa na virusi na pia yale aliyoyaficha mwenye flashi kwa hiari yake: picha za familia, barua, majibu ya hospitali. Ndugu yako akikupa flashi, amekupa amana. Mwambie mapema kwamba kila kitu kitaonekana, na ikiwezekana akae yeye mbele ya kioo, wewe umtajie tu cha kuandika. Kufungua faili "kuhakikisha linafunguka" bila idhini yake ni tajassus, na Suratul Hujurat aya ya 12 imeikataza waziwazi. Kwa dada na kaka zetu wanaosaidiana nje ya umahram, hili ni zito zaidi.

Mafaili yakishaonekana, yanakili:

xcopy E:\*.docx C:\Nakala\ /s

Rudia kwa *.pdf. Kwa njia hii unachukua nyaraka peke yake na kuviacha virusi kwenye flashi. Nakala nyingine ipeleke nje ya jengo unaloishi, hata kwa kujitumia barua pepe. Jengo Kuu la Makerere liliungua tarehe 20 Septemba 2020, na moto huo uliharibu ofisi za kumbukumbu na fedha.

Ikiwa dir imegoma kusoma flashi, tatizo huenda ni diski yenyewe. Fungua cmd kwa haki za msimamizi, uandike chkdsk E: /f. Amri hii hubadilisha yaliyomo, kwa hiyo kama kuna chochote kinachosomeka, kinakili kwanza. Vipande vilivyookolewa huwekwa katika folda FOUND.000, ambayo nayo hufichwa; dir /a itaionyesha. Vina mwisho wa .CHK. Nakili kimoja, badilisha mwisho wake uwe .docx, ujaribu kukifungua.