Kumtunza Paka Mwenye Kirusi cha Lukemia: Kinachofaa Kununuliwa na Kinachofaa Kuachwa

Mfugaji anayeelezwa kwamba paka wake ana kirusi cha lukemia hukabiliwa na hatari mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kukata tamaa na kuridhia paka achomwe sindano ya kifo siku hiyo hiyo. Ya pili ni kununua kila kitu kitakachotajwa kuwa dawa. Zote mbili hutokana na kutoelewa kipimo kimesema nini, na zote humgharimu mlaji: ama hupoteza mnyama ambaye huenda angeishi miaka kadhaa, ama hupoteza fedha ambazo zingetibu maradhi yanayotibika.

Jina la ugonjwa lenyewe linapotosha. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walipokuwa wakichunguza paka waliopatwa na saratani ya mitoki. Ndipo kikapewa jina la lukemia. Hata hivyo, paka wengi wanaoambukizwa hawapati saratani ya damu. Huugua zaidi kwa sababu kirusi hushambulia uboho na kudhoofisha kinga ya mwili: damu hupungua, fizi huvimba, mafua hayaishi, na kidonda kidogo huchukua wiki nyingi kupona. Huambukizwa kwa mate hasa, paka wanapolambana, wanapokula chombo kimoja au wanapoumana. Tena mama huweza kumwambukiza mtoto. Binadamu haambukizwi. Wako wanaouita ugonjwa huu ukimwi wa paka, na kwa jina hilo tu mnyama hutupwa barabarani. Jina hilo huhusishwa zaidi na kirusi kingine cha paka, nacho pia hakimwambukizi binadamu.

Kipimo kimoja hakitoshi

Kipimo cha haraka kinachotumika kliniki hutafuta protini ya kirusi ndani ya tone la damu. Ni kipimo kizuri, lakini kinaeleza hali ya siku hiyo tu. Miili ya baadhi ya paka hufaulu kukidhibiti kirusi baada ya wiki kadhaa, na protini hiyo hutoweka katika damu. Wengine hushindwa, na kirusi huendelea kuzaliana. Kipimo cha kwanza hakiwezi kutenganisha makundi haya mawili. Kwa hiyo paka mwenye afya aliyekutwa na majibu chanya apimwe tena kwa tarehe itakayopangwa na daktari, na inapowezekana sampuli ipelekwe maabara kwa kipimo cha aina nyingine. Kinyume chake pia ni kweli: paka aliyekaa na mgonjwa juzi anaweza kuonekana hana kirusi leo, hivyo arudiwe baada ya siku 30 au zaidi.

Kama una fedha za jambo moja tu, zitumie kwa kipimo hicho cha pili. Kinaamua mengi kuliko chupa yoyote ya virutubisho.

Kuhusu tiba, maelezo ni mafupi. Hakuna dawa inayokiondoa kirusi hiki mwilini. Zipo dawa ambazo madaktari huzijaribu kukipunguza nguvu, mojawapo ikiwa zidovudini, inayojulikana zaidi katika matibabu ya VVU. Lakini dawa hiyo inaweza yenyewe kupunguza damu, hivyo haitumiwi pasipo vipimo vya mara kwa mara. Muuzaji anayeahidi kuponya, awe na mitishamba, matone au sindano, anauza asichokuwa nacho. Chanjo nayo haimsaidii paka ambaye tayari ameambukizwa. Inawafaa wenzake wasio na kirusi, na ni haki yako kuuliza kama imetunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, tangu ilipopokelewa. Kabla ya kulipia dawa yoyote, angalia lebo, tarehe ya mwisho ya matumizi na usajili wake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Anayemtibu mnyama wako awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kumwuliza si kumkosea adabu.

Sumu zilizomo nyumbani

Hapa ndipo paka wengi hupotea bila kirusi kuhusika. Paka mwenye homa huonewa huruma, na mtu humvunjia kidonge cha parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo kama la binadamu. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo 4: damu hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba. Paka ambaye damu yake imekwisha kupungua kwa sababu ya kirusi hana akiba ya kustahimili pigo hilo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziwekwe mbali naye.

Viroboto ni mlango mwingine wa ajali. Ni sharti wadhibitiwe, kwa kuwa hunyonya damu na huenda wakaeneza vijidudu vinavyoharibu chembe nyekundu za damu. Lakini matone ya mbwa yenye neno permethrin kwenye lebo ni sumu kali kwa paka. Huleta mitetemeko, degedege na kifo. Dawa ya josho la ng'ombe, hata ikichanganywa na maji mengi, isipakwe kwa paka. Muuzaji akisema kwamba mnyama ni mnyama, nenda duka jingine.

Jikoni, mchuzi uliobaki ndio wa kuogopwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu. Ugali mtupu haumtoshi, maana mwili wa paka unahitaji taurini, inayopatikana katika nyama na samaki. Mpe samaki, nyama au maini kidogo yaliyopikwa bila viungo. Nyama mbichi ina vijidudu ambavyo kinga yake dhaifu haitavimudu.

Mambo ya kutazama kila wiki

Panda mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Paka aliyeshuka kutoka kilo 4 hadi 3.6 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, ni kama mtu wa kilo 70 kupungua 7, hilo halingojewi. Mizani ya bafuni haina usahihi mkubwa, kwa hiyo linganisha vipimo vya wiki kadhaa. Inua mdomo utazame fizi: ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au akihema haraka ilhali amelala, mpeleke siku hiyo. Asipokula kwa siku nzima pia apelekwe, kwa kuwa ini la paka huharibika haraka akikaa na njaa. Hata akionekana mzima, aonwe na daktari kila miezi 6.

Afungwe kizazi au ahasiwe, na akae ndani, kwa manufaa yake na ya paka wa jirani. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikatizwe bila ushauri. Choo chake kisafishwe kila siku, na mama mjamzito asikishughulikie, kwa sababu ya vimelea vya toksoplazma.

Paka walioshindwa kukidhibiti kirusi mara nyingi hawafikishi miaka mitatu tangu kipimo. Siku itafika ambapo damu haipandi tena, au saratani imeenea, na paka hajilambi wala haji kupokea chakula. Hapo sindano ya daktari ni uamuzi halali, na mfugaji asishawishiwe kuongeza bili.

Akishakufa, usiuziwe dawa maalumu ya kutakasa nyumba. Kirusi hiki ni dhaifu nje ya mwili na hufa ndani ya saa chache mahali pakavu. Osha vyombo kwa sabuni, futa sakafu kwa dawa ya kawaida ya klorini iliyopunguzwa kwa maji, anika matandiko juani, na paka mwingine apimwe kabla hajaletwa.