Kapsuli ya Jirani

SWALI: Daktari, mjukuu wangu wa miaka miwili alishikwa na homa na kikohozi. Jirani akanipa kapsuli za rangi mbili alizobakisha mumewe. Nikawa nafungua moja, namlambisha nusu ya unga wake kwa asali, asubuhi na jioni. Siku ya tatu homa ikashuka, nikaacha. Sasa kikohozi kimerudi na anapumua mbio mbio. Nimalizie zilizobaki, au ninunue zenye nguvu zaidi dukani?
— Bibi, Kizimkazi Dimbani

JIBU: Bibi, ikiwa mtoto angali anapumua mbio wakati unaposomewa maneno haya, likunje gazeti, umbebe, umpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe au Hospitali ya Makunduchi, wala usingoje baba yake arudi kutoka baharini ili kutaka shauri lake. Maelezo yangu yatakusubiri.

Hadithi hii ya kapsuli ya rangi mbili naisikia kila pepo za kusi zinapoanza kuvuma na watoto kuchuruzika mafua, na nimechoka nayo, kwa kuwa mwanzo wake ni kosa la kuhesabu siku. Aghalabu mafua na vikohozi vya watoto huletwa na virusi, na antibayotiki haina amri yoyote juu ya virusi, kwani kazi yake ni kupambana na bakteria tu. Sasa, mafua hayo kwa tabia yake huanza kupoa yenyewe baada ya siku chache. Basi mama aliyempa mwanawe kapsuli huona homa imeshuka, akaipa kapsuli sifa isiyokuwa yake, akamhadithia jirani, na jirani akamhadithia wifi yake, hata mji mzima ukawa na ithibati ya jambo ambalo halikutokea. Yule ambaye hakumpa mtoto kitu ila maji na maziwa, na mwanawe akapona siku ile ile, hana hadithi ya kusimulia.

Na lau maradhi yalikuwa ya bakteria kweli, bado tiba yako haikuwa tiba. Kipimo cha dawa ya mtoto hufuata uzito wake, ndiyo maana hupimwa kwa mizani kabla ya kuandikiwa. Unga uliogawanywa kwa jicho juu ya kisahani, nusu yake ikabaki imeganda katika asali pembezoni mwa kijiko, hakuna tabibu awezaye kusema ni kiasi gani kimefika tumboni. Fauka ya hayo, rangi ni ya ganda tu, haikwambii kilichomo ndani. Huenda ikawa tetrasaiklini, ambayo hutia madoa ya kudumu katika meno ya watoto walio chini ya miaka minane. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba siku dawa ile itakapouzwa madukani kwa kila mtu, watu watakunywa kipimo pungufu, na vijidudu ambavyo havikufa vitajifunza kuihimili. Leo twaishi ndani ya tahadhari ile. Basi usinunue hiyo yenye nguvu zaidi. Muuza duka hajamsikiliza mjukuu wako kifua.

Mambo ya mapafu na vifuko vyake vya hewa sitakuchosha nayo. Linalokufaa ni hili: mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe fulana, shika saa, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa aliyepindukia mwaka mmoja hadi miaka mitano, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi miwili hadi mwaka, ni 50. Chini ya mbavu pakibonyea kila avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya na kunywa, akitapika kila anachopewa, akilegea asiamke vyema, au akipatwa na degedege, hapo hapana wasaa wa kungoja asubuhi, wala wa kuanzia kwa mganga kwanza kwa dhana kwamba ni shetani. Watoto niliowapokea wakiwa wamechelewa, wengi wao walikuwa na dawa ya mtu mwingine mdomoni.

Akiandikiwa amoksilini, huenda akapewa vidonge vinavyoyeyuka katika maji safi kidogo, au chupa ya unga. Chupa hiyo hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, ikatikiswa kila mara kabla ya kumpa, na ikapimwa kwa kifaa kilichokuja nayo, si kwa kijiko cha chai cha jikoni. Mpe kwa saa na kwa siku ulizoambiwa, hata akianza kucheza. Akitokwa na vipele au akivimba uso, simamisha na urudi hima. Asali, kwa aliyetimiza mwaka, haina taksiri, lakini mchanga wa chini ya hapo usimpe kabisa.

Unapokwenda, zichukue kapsuli zilizosalia pamoja na karatasi yake, umwambie mhudumu ni ngapi alizolambishwa na tangu siku gani. Usifiche hata moja kwa kuona haya. Akikukemea, vumilia, kwani bila ya kujua hayo hatojua dawa ipi ampe mtoto. Na hizo kapsuli ziache huko huko, usimrudishie jirani.