Kipindupindu na Nchi Nne za Ziwa Tanganyika

Ziwa letu lina nchi nne pembeni mwake: Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo. Kwetu Bugarama mtu husimama pwani asubuhi akaiona milima ya Kongo ng'ambo, na kabla ya jioni wavuvi wa huko huweza kuwa wamekwisha fika. Basi ugonjwa ukizuka upande mmoja, pande nyingine zapaswa kuambiwa upesi. Kuambiana huko si kazi rahisi.

Kipindupindu huletwa na kijidudu kiingiacho tumboni kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo cha mgonjwa. Tangu kuingia mpaka mtu aanze kuharisha zaweza kupita saa chache tu, au hata siku tano. Tena wengi walio nacho hawaugui kabisa. Fikirini mchuuzi wa ndagala: anakunywa maji mabaya, anapanda mtumbwi akiwa mzima, anaugua siku ya tatu katika nchi nyingine. Daktari amwonaye hawezi kukifunga kisima kilichomdhuru. Aweza kupeleka habari tu.

Mwezi wa Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania karibu na mpaka wetu. Nyuma milima, mbele maji, barabara hakuna. Wakanywa maji ya ziwa yaliyokwisha kuchafuka. Kufikia tarehe 22 watu 31 walikuwa wamekufa kwa kuharisha na kipindupindu, wawili wao wenyeji wa Tanzania. Serikali ya Tanzania na mashirika ya Umoja wa Mataifa walishirikiana, na Liemba, ile meli ya zamani ya Wajerumani, ikawachukua watu kwenda Kigoma, kama 600 kwa safari moja. Baadaye chanjo ya kunywa ilitolewa katika kambi ya Nyarugusu.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zaitaka serikali iliyotambua hatari ya namna hii ilijulishe Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24. Lakini zasema pia kwamba safari na biashara zisizuiwe pasipo sababu. Wengi huisahau sehemu hii ya pili, nami naiona ndiyo kubwa. Nilipokuwa mtoto, mvuvi akiharisha kambini wakubwa walisema ni malaria, maana neno kipindupindu lingewafukuza wanunuzi. Ikiwa kambi moja yaficha kwa ajili ya kikapu cha mukeke, itakuwaje kwa nchi yenye bandari?

Hata hivyo habari huvuka. Namna mpya ya mpox ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwezi wa Septemba 2023, ikachunguzwa Kinshasa. Burundi ilipotangaza wagonjwa wake tarehe 25 Julai 2024, ilikuwa imekwisha kujulikana.

Kwa ninyi mlio pwani: mwenye kuharisha apewe lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo njiani. Na kituo cha afya kiambiwe siku ile ile, hata ikiwa siku ya soko.